Moshi wa Ayeyo na Skuta ya Abti

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Garissa, na kabla sijafungua hata kamba za viatu, abti akanitia mkononi mtungi wa njano wa plastiki na kijiti cha mgunga. "Fukiza," akaniambia, kisha akarudi zake uani kupapasa tairi. Nikabaki mlangoni na begi begani. Watu wengine wakirudi kwao hupewa maji ya kunawa uso. Mimi nikapewa kazi. Lakini nilipoinamisha pua kwenye mdomo wa ule mtungi, rafiki yangu, vumbi la basi na kelele za Nairobi vilinitoka mara moja, nikawa tena kile kitoto chenye magoti ya majivu, kimechuchumaa ubavuni mwa ayeyo.

Nikueleze kwanza hayo majina, usije ukapotea. Ayeyo ni nyanya, mama yake mama. Abti ni mjomba. Na kwetu sisi Wasomali majina haya huenda na kurudi: mkubwa humwita mdogo kwa neno lile lile analoitwa naye. Kwa hiyo ayeyo aliniita ayeyo, na abti hadi leo huniita abti. Mgeni akitusikiliza kwa mara ya kwanza hudhani nyumba ina wazee watupu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye bula za mwisho, vile vitongoji vya pembeni mwa mji, pale lami inapochoka na mchanga kuanza. Tulikuwa na vyumba viwili vya mabati, na kando yake ayeyo alijijengea kibanda chake cha mikeka juu ya fito zilizopindwa, kile cha watu wa kuhama, kwa sababu alisema chini ya bati usingizi hauwezi kumpata. Asubuhi tuliamshwa na harufu mbili: anjera, chapati yetu ya maji, ikiiva kwenye bamba la chuma, na moshi. Mama na ayeyo waliuza maziwa ya ngamia sokoni, na maziwa hayatiwi katika chombo kisichofukizwa. Ayeyo alichoma kijiti cha mgunga mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya mtungi mkavu, akakizungusha upesi kabla plastiki haijaanza kulalamika, akakitoa, akaziba mdomo kwa kiganja ili moshi utulie humo ndani. Maziwa yaliyolala katika mtungi ule hayakuharibika upesi, tena yalikuwa na ladha ambayo sijaipata kwingine. Chini ya kikombe vilibaki vidoa vyeusi vya mkaa. Mtoto aliyenuna kwa sababu ya vidoa hivyo aliambiwa aende akanyonye kwa ngamia mwenyewe.

Abti ndiye kitinda mimba wa ayeyo. Polio ilimpitia akiwa mdogo huko malishoni, ikamwachia mguu wa kushoto mwembamba kama mpini wa jembe, usiobeba kitu. Alitembea kwa fimbo. Sokoni alikuwa na meza ya kutengeneza simu, na watu walimpenda, maana alikuwa na mzaha mwingi na haraka kidogo. Ungemwona pale mezani usingedhani kuna jambo lililomkaa kooni. Lakini lilikuwepo, na nyumba nzima tulilijua.

Familia yetu ilikuwa bado na ngamia na mbuzi, wakichungwa na kaka yake mkubwa, ambaye sisi watoto tulimwita abti mkubwa. Sasa, watu wa mifugo hawahami tu kama ndege. Kiangazi kikikaza, hutumwa kwanza mtu mmoja mbele akaangalie: mvua imenyesha wapi, majani yamefika wapi, kisima kipi kina maji na nani wamekizunguka. Akirudi, neno lake ndilo linaloinua kambi au kuilaza. Akikosea, wanyama wanakufa. Kwa hiyo hatumwi mtu yeyote yule. Na mwanamume ambaye hajawahi kutumwa, hata awe na ndevu, akizungumza kwenye kikao wazee huendelea kusugua meno kwa mswaki. Abti hakuwahi kutumwa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemcheka. Walimruka tu, kama unavyoruka jiwe ukiwa na haraka.

Kuna msemo wa Kisomali ambao ayeyo aliupenda sana: asiyetembea nchi hana macho. Alikuwa akiutoa kila mara, kwa mtoto mvivu, kwa mgeni mjuaji, hata kwa kuku asiyetoka uani. Siku moja aliusema abti akiwa amekaa hapo akinywa chai, na abti akaweka kikombe chini polepole. Toka siku hiyo sikuusikia tena msemo huo abti akiwepo.

Skuta ililetwa na jamaa kutoka Mombasa. Ilikuwa kitu kidogo cha kijani kilichopauka, magurudumu kama ya rukwama, na kiti kilichopasuka kikashonwa kwa uzi wa gunia. Vijana wa boda boda waliifanyia kila aina ya dhihaka, wakauliza kama inakunywa petroli au inanyonya. Lakini ilikuwa na jambo ambalo pikipiki zao kubwa hazikuwa nalo. Pikipiki ya kawaida hubadilishwa gia kwa mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto ndio huo abti hakuwa nao. Skuta haina gia za mguu. Unapanda, unazungusha mkono, unaenda. Mara ya kwanza alipozunguka nayo nyuma ya msikiti na kurudi, fimbo ikiwa imelazwa mapajani, uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

Basi mwaka huo, vijana wa boda boda walipanga mashindano yao ya baada ya Idd. Hayakuwa mashindano ya mbio hasa. Yalikuwa ya kustahimili. Unatoka Garissa asubuhi, unashuka kwa ile njia ya mchanga ya upande wa mto hadi Masalani, unalala huko, kesho yake unarudi. Vyombo viwe vidogo, kila mtu abebe mafuta yake mwenyewe na maji yake mwenyewe, na ukiharibikiwa njiani ujitengenezee mwenyewe. Zawadi ilikuwa tairi jipya na mbuzi. Abti alijiandikisha bila kumwambia mtu, na habari ikafika nyumbani kabla yake, kama kawaida ya Garissa.

Mama alilia kidogo. Abti mkubwa, aliyekuwa mjini siku hiyo kuuza mbuzi, alisema kwamba mtu akitaka kufa si lazima achome petroli. Ayeyo peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini. Abti akamjibu polepole, na maneno yale ninayo hadi leo: "Hooyo," yaani mama, "nataka kwenda mahali nirudi, niulizwe nimeona nini." Ayeyo akainuka, akaenda uani, akaizunguka ile skuta mara kadhaa huku akiitazama miguu, mgongo na mdomo, vile anavyotazamwa ngamia mnadani.

Kuanzia hapo skuta ilikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza alikuwa fundi jirani, Mkamba kutoka Kitui aliyekuja Garissa kwa kazi ya muda mfupi akasahau kuondoka. Kila alasiri ya Ramadhani alikuja na boksi lake la spana, akalala chini kwa ubavu na kufungua nati mdomo ukiwa mkavu, maana ingawa yeye hakufunga, aliona haya kunywa maji mbele yetu. Aliweka springi za pikipiki kubwa nyuma, akakata bamba la chuma akalifunga chini ya injini kwa ajili ya mawe. Chujio la petroli lilikuwa kuukuu na linakawiza mafuta, akaling'oa, akaahidi kutafuta jingine, lakini la saizi ile halikupatikana mjini kote. Kuhusu mchanga, alisema injini inapumua kama sisi, ikivuta mchanga itakohoa hadi ife. Akatafuta kitambaa cha kufunika pua ya injini. Nilikimbia ndani nikaleta soksi yangu ya shule. Akaivisha pale penye tundu la hewa na kuifunga kwa mpira, ikakaa barabara. Ile soksi ya pili nikaitia chini ya kiti, kwa sababu nilifundishwa kwamba soksi hazitenganishwi.

Bwana wa pili alikuwa ayeyo. Hakujua spana, lakini safari aliijua. Kwetu wanaume huchunga ngamia, ila siku ya kuhama mwenye kupakia ni mwanamke: nyumba nzima, mikeka, fito, vyombo, watoto na vitoto vya mbuzi, vyote hupanda mgongoni mwa ngamia kwa mikono yake, na mzigo ukimchubua mnyama njiani, aibu ni yake. Ayeyo alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana. Kwake yeye, skuta ilikuwa mnyama wa mizigo anayetayarishwa kwa safari ndefu, na fundi alikuwa kijana asiyejua wanyama.

Alianza kwa kumkataza kuiwasha. Akiongea na fundi alitumia Kiswahili chake cha sokoni, chenye b nyingi. "Fundi, hii bikibiki imechoka. Wewe nafungua, nafunga, kila siku. Wacha bumzika."

"Nyanya, chuma hakichoki," fundi akamwambia.

"Kitu yote nabeba mtu, nachoka," ayeyo akasema. Skuta ikapumzishwa kivulini, imefunikwa mkeka, na mimi nikawekwa hapo kufukuza mbuzi waliotaka kulamba kiti.

Kisha ikaja habari ya mizigo. Fundi alitaka kufunga mitungi yote nyuma, mmoja juu ya mwingine. Ayeyo alitikisa kichwa akaisuka kamba yake mwenyewe, ya nyuzi za magome, jioni hadi jioni, akiikanyaga kwa dole gumba la mguu na kuisokota pajani. Akaweka kipande cha mkeka juu ya kiti ili kisichubuliwe. Akaning'iniza mtungi wa petroli upande huu na wa maji upande ule, akapima kwa jicho, akaongeza jiwe, akatoa jiwe, mpaka skuta iliposimama bila kulalia upande wowote. Halafu akamwamuru abti aiendeshe hivyo na mzigo wake, taratibu, kwenda kisimani na kurudi, siku baada ya siku, ili izoee. Fundi alikuna kichwa, akakubali kwamba hata yeye angeshauri hivyo hivyo, ila yeye angesema ni kwa ajili ya springi.

Siku ya Idd tulikula, tukavaa, tukasalimu watu. Asubuhi ya safari, mama alitia nyirinyiri kwenye kopo, zile nyama ndogo zilizokaangwa zikazamishwa katika samli, pamoja na tende. Abti alikuwa akiswali. Nilimkuta ayeyo mbele ya jiko lake la mawe matatu, na kijiti cha mgunga mkononi, na mapajani mwake mtungi mpya uliokuwa tayari kwenda kujazwa petroli. Akaufukiza. Aliufukiza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akifukiza mtungi wowote, mara ya kwanza, mara ya pili, akaziba kwa kiganja, akafumba macho, midomo ikisoma dua. Sikuona ajabu yoyote. Kila chombo chetu kilipitia moshini, na hiki ndicho kilichokuwa kikienda mbali kuliko vyote. Abti alipotoka kuswali aliuchukua, akaenda nao kituo cha mafuta, na harufu ya petroli ikaifunika ile nyingine.

Waliondoka wakiwa kundi, kwenye kiwanja cha karibu na soko la mifugo. Abti alikaa juu ya skuta yake, fimbo ikimshikiza upande wa kushoto, akaipiga kiki kwa mguu wa kulia, ikakohoa, ikashika. Vijana wa mbele walikuwa tayari wamekuwa vumbi, wengine wakiwa bado wanafunga mizigo. Yeye aliinua fimbo yake kidogo kutuaga, akaifuata njia kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Simu yake ilipatikana hadi karibu na mji mdogo wa Bura, baada ya hapo haikupatikana tena.

Siku ya kurudi tulikwenda kiwanjani mapema. Ilikuwa mwisho wa ule ukame mrefu ambao kwetu huja kabla ya mvua kubwa, ardhi imekuwa nyeupe, mbuzi wa sokoni mifupa mitupu. Abti mkubwa alikuwepo pia. Ngamia wake walikuwa wamebaki na nguvu ya kuhama mara moja tu. Akihamia pabaya, hapana pa kurudi. Alikuwa ameweka simu sikioni kutwa nzima, na kila aliyempigia alimwambia mvua imenyesha kwake. Alisema simu haina macho.

Vijana walianza kuwasili baada ya adhuhuri, mmoja mmoja, nyuso zao zikiwa rangi ya barabara. Walikunywa soda, wakacheka, wakasimulia twiga waliokatiza mbele yao. Kuhusu abti, mmoja wa walioondoka nyuma yake alisema walimpita mbele ya Bura, tena wakati wa kwenda, amekaa chini ya mti mdogo, vyuma vya skuta vimetandazwa juu ya shuka. Hawakusimama kwa kuwa masharti hayakuruhusu, na wakati wa kurudi hawakumwona. Alasiri ikapita. Abti mkubwa alikaa akichorachora mchanga kwa fimbo. Ile fimbo iliniuma kuliko maneno. Niliona anachowaza, na nilimchukia kwa hilo, mimi mtoto mdogo.

Ayeyo alitupeleka nyumbani kabla ya magharibi. Alichota maziwa, akayafunika kwa kisahani, akayaweka kando ya mlango. Asubuhi aliyamwaga, akaweka mengine. Mama alitaka watu waende kumtafuta kwa gari, na abti mkubwa akasema ataenda mwenyewe baada ya chai. Ndipo tukasikia, kutoka mbali, ule mlio mdogo wa skuta, mlio wa mtu anayekoroma kwa mafua.

Aliingia uani akiwa mweusi wa vumbi, macho mekundu, kamba ya ayeyo bado imeshika mizigo pande zote mbili, sawasawa. Tulimkimbilia sote. Mama alikuwa na maswali kumi mdomoni, majirani ishirini. Ayeyo akatunyamazisha kwa mkono. Alimkalisha mwanawe mkekani, akamletea maji ya kunawa, kisha kikombe cha maziwa. Akamwacha anywe hadi mwisho bila haraka. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba kuna jambo linafanyika, kwa sababu abti mkubwa aliyekuwa amesimama, alikaa.

"Habari ya utokako," ayeyo akasema. "Umeona nini?"

Abti alimtazama mama yake. Nafikiri alikuwa amejiandaa kuulizwa kwa nini amechelewa. Akajifuta mdomo, akaweka sawa sauti, akajibu kama wanavyojibu watu waliotumwa. Amani, akasema, alikokwenda ni amani. Skuta ilimkatikia mbele ya Bura, uchafu uliingia kwenye mafuta. Alipoitengeneza ikawaka, ikazima, ikawaka. Wenye ngamia waliokuwa wakipita walimkaribisha kambini kwao akalala, kesho yake akaendelea hadi Masalani peke yake, maana aliona aibu kurudi bila kufika, kisha akasafiri usiku kucha kurudi. Na kwa kuwa alikwenda polepole, akisimama kila mahali, aliona. Mkono wa kulia wa njia ni ukame mtupu hadi mtoni, wanaosema kumenyesha ni waongo. Lakini upande wa kushoto, ukiingia ndani kuelekea mawio ya jua, mvua ilikuwa imepiga ukanda mmoja, si mpana. Aliingia huko kwa skuta mpaka magurudumu yakazama, akashuka akaenda kwa fimbo. Aliona madimbwi, akaonja maji, hayakuwa na chumvi. Alikuta nyayo za mbuzi chache, za ngamia hakuna. Watu hawajajua bado.

Abti mkubwa alikohoa. Akamwuliza mdogo wake, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia naye, "Majani yamefika wapi?"

Abti akavuta nguo yake juu kidogo. Ule mguu mwembamba, ambao hakuwahi kuuonyesha mbele za watu, akaunyosha juu ya mkeka, akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti. "Hapa," akasema.

Abti mkubwa aliutazama ule mkono pale ulipo. Kisha akainuka, akakung'uta mchanga, akamwambia ayeyo kwamba chai hataingoja, anakwenda kambini, kesho wanahama. Alipofika langoni akageuka. "Nikikwama nitakupigia," akamwambia abti, "wewe ndiye unayeijua njia." Wakahama, na majani yalikuwa pale pale aliposema. Mwaka ule, wakati majirani wengi walikuwa wakihesabu mizoga, ngamia wetu walizaa.

Sasa nikwambie lile lililobaki, ambalo nyumbani tulilijua wawili tu. Siku ile ile jioni abti alifungua kabureta tuioshe. Akanionyesha kitundu chembamba kama tundu la sindano, ambamo petroli hupita. Kilikuwa kimezibwa nusu na chembe nyeusi. Akaniambia kwamba kule njiani alikipuliza kwa mdomo mara nyingi, kikaziba tena, na hakujua uchafu ule unatoka wapi, mpaka wale watu wa kambini walipompa maziwa. Alikunywa, akafika chini ya kikombe, akaviona vile vidoa vya mkaa. Akavitazama. Halafu akaenda akaufungua mtungi wa petroli, akaingiza pua, na chini ya harufu ya mafuta akausikia moshi wa mama yake.

"Nilicheka peke yangu hadi wakadhani jua limenipiga," aliniambia. Petroli yote iliyobaki aliichuja kwa soksi yangu ya pili. Kisha akaniinamia. "Abti, hili lisimfikie ayeyo. Amenitayarisha kama anavyojua. Umesikia?" Nilisikia. Nikalimeza, na kwa mtoto wa Garissa hiyo si kazi ndogo.

Ayeyo aliamini hadi mwisho kwamba moshi wake ndio uliomrudisha, na ukiniuliza mimi, sina hoja ya kumpinga, kwa maana lau si moshi ule abti angepita mbio na wenzake na asingeona kitu. Kila alipotumwa baada ya hapo, na alitumwa sana, ayeyo alimfukizia mtungi. Abti aliupokea kwa mikono miwili. Akifika nje ya mji aliutia maji, na petroli akaibeba katika chombo kingine alichokificha kwa fundi. Maji yakanuka moshi safari nzima, naye akayanywa yote.

Mashindano yale yalikufa baada ya miaka michache. Vijana walipata pikipiki kubwa zaidi na mambo makubwa. Fundi alikumbuka hatimaye kurudi Kitui. Abti mkubwa amezeeka, ngamia wamepungua, na siku hizi watu hutumiana picha za majani kwa simu. Wazee bado humtuma abti, kwa sababu wanasema picha haikuambii imepigwa lini. Ayeyo alifariki nikiwa chuoni. Kile kibanda chake cha mikeka tulikivunja wenyewe, na pale kilipokuwa leo pana tangi la maji.

Hapo ndipo nilipochuchumaa likizo iliyopita, kando ya tangi, na mtungi wa njano mapajani. Skuta ilikuwa imeshafungwa mizigo, kamba ni ya nailoni ya dukani. Nilichoma kijiti, nikakizungusha ndani, nikakitoa na kufunga kifuniko upesi. Nikampelekea abti. Akafungua, akanusa, akanirudishia.

"Bado," akasema. "Yeye hakutumia kifuniko."

Nikarudia. Safari hii niliziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya, na moto wa ule moshi ukaniuma hadi machozi yakanitoka. Nilikuwa nimedhani miaka yote hiyo kwamba ayeyo alizaliwa na mikono migumu. Sikuutoa mkono. Nilikaa hivyo mpaka moshi ukatulia, kisha nikamwita abti aje achukue mtungi wake.